Namba Iliyobaki kwenye Dashibodi

Sheria za Marekani zina kifungu kimoja ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko inavyompasa mtu anayeishi Dodoma. Kinahusu odomita, ile safu ya tarakimu ndani ya spidomita inayohesabu umbali ambao gari limetembea. Kifungu kinamruhusu fundi kuitengeneza odomita au kuweka nyingine, kwa sharti kwamba namba iliyokuwapo ibaki ileile. Kama haiwezekani ibaki, odomita irudishwe sifuri, na mwenye gari abandike karatasi kwenye fremu ya mlango wa kushoto, yenye namba ya zamani na tarehe ya matengenezo. Njia ya tatu haipo.

Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1972, na mwaka 1986 ikaongezewa nguvu na nyingine iliyotaka umbali uandikwe kwenye hati yenyewe ya umiliki. Kabla ya hapo kupunguza namba ilikuwa sehemu ya kazi ya kuuza magari yaliyotumika, sawa na kuosha injini na kupaka tairi rangi nyeusi. Mchuuzi alichomoa kebo ya spidomita, akaifunga kwenye drili, akaizungusha kinyumenyume mpaka aone namba inayompendeza. Na sheria haikuufuta mchezo huo. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo imekadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na namba ya uongo, na wanunuzi hupoteza zaidi ya dola bilioni moja.

Mimi si mwanasheria, wala sina gari Marekani. Nilifika kwenye kifungu hicho kwa sababu familia yetu ina Land Rover ya mwaka 1967, ile fupi ya Series IIA, iliyokaa chini ya mwarobaini kwa karibu miaka thelathini. Tuliamua kuifufua baada ya baba kufariki. Bodi ilinyooshwa, chesisi ikachomelewa upya sehemu mbili, injini ikafumuliwa yote. Kazi ilipofika kwenye dashibodi, fundi akauliza swali dogo ambalo sote tulidhani lina jibu dogo: “Namba niweke ngapi?”

*

Mashine ya kuhesabu umbali ni ya zamani kuliko gari. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi, aliieleza katika kitabu cha kumi cha kazi yake juu ya ujenzi, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Chukua mkokoteni, anasema, wenye gurudumu ambalo likizunguka mara moja linakwenda futi kumi na mbili na nusu. Ekseli iwe na jino moja linalosukuma gurudumu jingine la meno, na lile la meno lisukume jingine lililolala, lenye matundu yaliyojazwa vijiwe. Gurudumu la chini likizunguka mara 400, maili moja ya Kirumi ya futi 5,000 imekwisha, na kijiwe kimoja kinaanguka kwenye chombo cha shaba. Abiria anasikia mlio. Jioni anahesabu vijiwe, anajua ametembea maili ngapi.

Wachina nao walikuwa na gari lililobeba sanamu ya mtu wa mbao aliyepiga ngoma kila lilipomaliza li moja, kipimo chao cha umbali. Napenda kwamba mashine zote mbili zilitoa sauti. Kwa watu wale umbali ulikuwa kitu cha kusikilizwa njiani, jiwe likilia au ngoma ikidunda, kabla haujawa namba ya kupandishia au kushushia bei.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ya William Clayton. Mwaka 1847 alikuwa katika msafara wa Wamormoni waliokuwa wakivuka nyika za Amerika kwenda magharibi, na kazi yake ilikuwa kuandika umbali wa kila siku. Wenzake walikadiria kwa macho, yeye hakuyaamini makadirio yao. Kwa hiyo akapima gurudumu la mkokoteni, akaona mzunguko wake ni futi 14 na inchi 8, na akapiga hesabu: mara 360 ni maili moja kamili, futi 5,280. Akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, akatembea kando yake kutwa nzima akihesabu kila kitambaa kilipopita. Tarehe 8 Mei alihesabu mizunguko 4,070. Aliandika maili kumi na moja na robo, na mizunguko ishirini ya ziada.

Ile ishirini ndiyo inayonifanya nimwamini. Mtu mwongo angeiacha.

Siku chache baadaye msafara ulikuwa na kifaa cha mbao chenye magurudumu ya meno, kilichobuniwa na Orson Pratt na kuchongwa na Appleton Harmon, na Clayton akapumzisha macho. Vipimo vile viliingia katika kitabu cha mwongozo alichokichapisha mwaka 1848, na waliofuata njia hiyo walijua ni maili ngapi kutoka mto huu hadi mto ule, wapi pa kunywesha ng’ombe, na wapi pa kulala.

*

Odomita ya Land Rover yetu ni mjukuu wa mashine hizo. Kutoka nyuma ya giaboksi inatoka kebo, waya uliosokotwa ndani ya bomba laini, unaozunguka kadiri magurudumu yanavyozunguka. Kebo hiyo inafanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha aluminiamu. Sumaku haikigusi kikombe, lakini inakivuta kwa nguvu ya umeme inayozaliwa ndani yake, na spiringi nyembamba kama unywele inakizuia kisizunguke chote. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kikombe kinavyopinda zaidi, na mshale uliofungwa juu yake unaonyesha spidi. Mjerumani Otto Schulze aliandikisha hataza ya wazo hilo mwaka 1902, na karibu magari yote ya karne iliyofuata yalilitumia.

Kazi ya pili ya kebo ni ya polepole zaidi. Mhimili uleule una skrubu inayosukuma gurudumu la meno, linasukuma jingine, na mwisho pipa dogo lenye tarakimu 0 hadi 9 linajongea. Pipa la kwanza likimaliza duru, jino lake moja linamgusa jirani wa kushoto na kumsogeza hatua moja. Jirani akimaliza duru anamgusa wa kwake. Mshale wa spidi husahau. Gari likisimama, mshale unarudi chini kama vile hakuna lililotokea, lakini mapipa hubaki palepale yalipofika.

Odomita nyingi za enzi hizo zilikuwa na tarakimu tano tu za maili au kilomita nzima. Ikifika 99,999, hatua inayofuata ni 00000. Watengenezaji hawakuona tatizo, kwani waliotarajia gari lifike huko walikuwa wachache. Ndiyo maana gari lililofika lilipewa heshima. Volkswagen iliwapa beji wenye Kobe wao waliotimiza kilomita 100,000, na Mercedes-Benz ina beji za kufunga kwenye grili kwa walioendesha nyingi zaidi, hadi kilomita milioni moja. Lakini odomita yenyewe haina beji. Mtu akikuonyesha gari la mwaka 1967 lenye tarakimu tano zinazosoma 41,276, hajakwambia chochote mpaka aongeze ni duru ya ngapi.

Namba hiyo si ya mfano. Ndiyo iliyokuwa imekwama kwenye dashibodi yetu.

*

Baba alikuwa bwana mifugo. Aliinunua gari hiyo kwenye mnada mwaka 1978, ikiwa tayari imechakazwa na miaka kumi na moja ya kazi za watu wengine, na akaanza daftari siku hiyohiyo. Daftari ni la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kila alipojaza mafuta aliandika tarehe, mahali, lita, na namba ya odomita. Mstari wa kwanza unasema 88,310.

Gari ni la Uingereza, lilihesabu maili. Nchi ilikuwa imekwisha kuhamia kilomita, lakini saa ya dashibodi haikupewa taarifa, na si hiyo tu. Ukitoka Dar es Salaam leo unapita Maili Moja pale Kibaha, na ukienda Eldoret kuna Maili Nne, ingawa gari ulilopanda linahesabu kilomita na kibao cha barabarani vilevile. Baba alikaa katikati ya vipimo hivyo viwili bila malalamiko. Pembezoni mwa daftari kuna hesabu zake ndogondogo: zidisha kwa 8, gawanya kwa 5.

Kurasa za mwanzo zina mapengo marefu, na ukijua historia unaelewa. Ilikuwa miaka ya vita vya Kagera na ya uhaba wa mafuta uliofuata, enzi za magari binafsi kukatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Lita kumi, kisha wiki tatu kimya, kisha lita nane. Katikati ya uhaba huo, mwaka 1980, barabara ya kutoka Kongwa kwenda Mpwapwa, odomita ilizunguka. Mstari mmoja una 99,987. Unaofuata una 00064, na pembeni yake baba ameandika kwa kalamu nyekundu: “Imeanza upya.” Hakuna jingine. Mtu yule hakuwa wa maneno mengi.

Mwaka 1986 kebo ikakatika, odomita ikiwa 41,276. Spea haikupatikana, au ilipatikana kwa bei isiyosemeka, na gari likaendelea kutembea bila mshale wala namba. Baba hakuacha kuandika. Tarehe, mahali, lita, na pale ambapo namba ingekaa akachora kistari. Kurasa kumi na nne za vistari, hadi mwaka 1995 gari liliposimama kabisa.

*

Kwa hiyo fundi alipouliza aweke ngapi, kulikuwa na majibu matatu, na kila jibu lilikuwa na mtu wake.

Fundi mwenyewe alitaka sifuri. Hoja yake si ya kupuuzwa. Injini imefumuliwa, pistoni mpya, beringi mpya, giaboksi imefunguliwa na kufungwa, breki zote mpya. “Kaka, hii gari imezaliwa leo,” alisema. “Mtoto mchanga unampa umri wa babu yake?” Wako wafufuaji wengi wa magari ya zamani, Ulaya na Marekani, wanaofikiri kama yeye. Odomita, wanasema, ni kifaa cha matengenezo: inakwambia oili ibadilishwe lini na beringi zimetembea kiasi gani. Beringi zikiwa mpya, namba ya zamani inadanganya.

Kaka yangu mkubwa naye alitaka sifuri, kwa sababu nyingine. Alikuwa amepata mnunuzi, mtu anayekusanya magari ya zamani kwa ajili ya kuwapeleka wageni mbugani, na mnunuzi alikuwa ameuliza swali la namba kabla ya kuuliza la injini. Matibabu ya mama yana gharama. Kaka hakusema tudanganye. Alisema tu kwamba gari jipya lina sifuri, na sisi tumelifanya jipya.

Sokoni, namba ndogo ni fedha. Mwaka 2013 katika mji mdogo wa Pierce, Nebraska, yalipigwa mnada magari ya Ray Lambrecht, aliyekuwa wakala wa Chevrolet. Kwa miongo kadhaa alikuwa ameyahifadhi magari ambayo hakuyauza. Pikapu moja ya mwaka 1958 ilikuwa na maili 1.3 kwenye odomita. Iliuzwa dola 140,000. Rangi ilikuwa imejaa vumbi, na kwa kukaa tu ilikuwa imepata madhara ambayo dereva makini asingeyaruhusu, lakini maili 1.3 ni maili 1.3. Watu walilipia safari ambazo hazikufanyika.

Mwaka huohuo, Septemba, huko Alaska, mwalimu mstaafu wa sayansi aitwaye Irv Gordon alitimiza maili milioni tatu katika Volvo P1800 aliyoinunua ikiwa mpya mwaka 1966. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuendesha gari moja umbali huo. Na kuna Gregorios Sachinidis, dereva teksi wa Ugiriki, ambaye Mercedes yake ya 240 D ilifika kilomita milioni 4.6 kabla ya kupelekwa makumbusho ya kampuni mwaka 2004. Injini zake zilibadilishwa mara nyingi. Kama kanuni ya fundi wetu ni sahihi, teksi ile ilizaliwa upya kila injini ilipobadilishwa, na zile milioni nne si zake. Lakini hata kiwanda chenyewe hakikuhesabu hivyo. Gari lilikuwa moja kwa sababu lilifanya kazi moja, mikononi mwa mtu mmoja, katika barabara zilezile.

Hapa kwetu pia gari lililotembea liliwahi kuwa na hadhi. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliposhinda mbio za Safari za mwaka 1965, walikuwa ndani ya Volvo PV544 ya mtumba. Mwaka uliofuata na mwaka uliofuata tena, Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa Peugeot 404, gari lilelile ambalo watu waliliona likibeba abiria na magunia. Tulijua gari zuri ni lile lililorudi.

*

Jibu la tatu lilikuwa langu, na nililipenda kwa muda kwa sababu ya hesabu yake. Niliketi na daftari siku mbili. Kurasa za 1980 hadi 1986 zina lita na maili pamoja, kwa hiyo zilinipa kipimo: barabarani kwetu, na baba akiendesha, gari lilikwenda maili 3.4 kwa lita. Kisha nikajumlisha lita za kurasa za vistari. Zilikuwa 6,840. Zidisha, unapata maili zaidi kidogo ya 23,000. Ukiongeza kwenye 41,276 unafika karibu na 64,500. Nikamwambia fundi kwamba hiyo ndiyo namba ambayo odomita ingesoma kama kebo isingekatika.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza, “Baba yenu aliandika elfu sitini na nne?”

Hakuandika. Alikuwa na lita zilezile nilizokuwa nazo mimi, na kugawanya na kuzidisha alikujua. Angeweza kukadiria kila jioni na kujaza nafasi. Alichora kistari. Nikamkumbuka Clayton na mizunguko yake ishirini. Kukadiria si uongo, makadirio ni kazi halali ya historia, lakini mahali pake ni kwenye karatasi, yakiwa na jina la aliyekadiria. Ukiyaweka kwenye mapipa ya odomita yanavaa sare ya shahidi. Hakuna atakayejua tena wapi mashine iliishia kuhesabu na wapi mwana alianza.

Nafikiri hiyo ndiyo busara iliyojificha katika kifungu cha Wamarekani. Kinakubali namba ambayo mashine iliiona, na kinakubali sifuri inayokiri kuwa ni sifuri ya kuwekwa. Hakijali kama injini ni mpya. Hakijali hata kama namba inalingana na umbali wote. Ujerumani ilifanya kuchezea odomita kuwa kosa la jinai mwaka 2005, na Ubelgiji imejenga utaratibu ambapo kila gereji inayoligusa gari hupeleka namba yake kwenye kumbukumbu za pamoja, ili anayenunua aione historia nzima. Nchi hizi zimefika mahali ambapo baba alifika na daftari la shule: namba moja peke yake haina maana, mfululizo wa namba ndio wenye maana.

Sisi tunaohitaji mfululizo huo kuliko wengine ndio tusio nao. Magari mengi ya barabara zetu yametoka Japani, yakiwa na odomita isiyo na mapipa, tarakimu zimehifadhiwa kwenye kipande cha kumbukumbu cha elektroniki. Kulirudisha nyuma gari la namna hiyo hakuhitaji drili. Kunahitaji kompyuta ndogo, waya na robo saa. Muulize kijana yeyote anayekaa jirani na maegesho ya magari ya kuuza. Kenya imeweka kikomo cha umri, gari lisizidi miaka minane, lakini umri na umbali ni vitu viwili. Teksi ya miaka mitano inaweza kuwa imeizunguka dunia mara kumi. Ninayemwonea huruma ni yule anayekopa kununua gari la kilomita 60,000 ili alifanyie biashara, mkanda wa injini ukakatika njiani kwa sababu kilomita za kweli zilikuwa 190,000.

*

Kazi yenyewe ya kuweka namba ilikuwa na kikwazo. Fundi alipofunga kebo mpya, mshale ulipanda vizuri lakini mapipa hayakusogea. Gurudumu moja la meno lilikuwa limepasuka. Spidomita nyingine ilipatikana Arusha, ya aina ileile, iliyong’olewa kwenye Land Rover iliyokwisha kukatwa chuma chakavu. Ilisoma 87,053.

Nilikaa nayo mkononi kwa muda. Hizo zilikuwa maili za gari jingine, labda la misheni, labda la shamba la mkonge, na gari hilo halipo tena. Kama tungeifunga kama ilivyo, dashibodi yetu ingesimulia maisha ya marehemu mwingine.

Fundi alizifungua zote mbili mezani. Unazungusha pete ya mbele mpaka meno yake yaachie, unatoa kioo, unaunyanyua mshale kwa uangalifu mkubwa maana mhimili wake ni mwembamba kama sindano, unafungua skrubu mbili za uso, na mapipa yako mbele yako. Alichukua gurudumu zima kutoka spidomita ya Arusha na kulipandikiza kwenye yetu. Mapipa ya baba hayakuguswa. Aliyafuta vumbi kwa brashi ya rangi ya maji ya mwanawe, na alipozungusha kebo kwa mkono, 6 ya mwisho ikatetemeka, ikapanda, ikawa 7. Ilikuwa hatua yake ya kwanza tangu mwaka 1986.

Hakusema tena habari ya mtoto mchanga. Alisema tu kwamba 87,053 zile atazitunza, mtu akizihitaji.

Namba ikabaki, na bado tulitaka maelezo mlangoni, ingawa sheria ile isingetudai. Fremu ya kushoto huko Marekani ni upande wa dereva. Kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo kibao chetu cha aluminiamu kiko kulia, kimefungwa kwa ribiti nne. Kinasema: odomita ni ya maili, ilipita 99,999 mwaka 1980, ilisimama 41,276 mwaka 1986, gari liliendelea kutumika hadi 1995 bila kuhesabiwa, injini na giaboksi vilifumuliwa upya kabla odomita kuanza tena. Nilitaka kuongeza makadirio yangu ya maili 23,000. Mama akasema kibao ni kidogo. Hata hivyo 88,310 ya mnadani ingeweza kuwa 188,310, na juu ya hilo hatuna daftari.

Kaka alimpigia mnunuzi akamsomea kibao chote kwa simu. Nilitarajia bei ishuke, nayo ilishuka, ingawa si kwa kiasi alichokiogopa. Kisha mnunuzi akauliza kama daftari lenyewe linauzwa pamoja na gari. Akasema yuko tayari kurudisha bei pale ilipokuwa, na kuongeza kidogo.

Mama ameliweka daftari kabatini, chini ya vitenge. Kaka amekwisha kumuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema atafikiri. Mara ya pili aliuliza kama mnunuzi anajua kusoma mwandiko wa baba.